Washauri wa ubora waliokaa siku tatu kando ya meza ya kukatia

Nimengoja mwaka mmoja na nusu kabla ya kuandika tathmini hii, na nilikuwa na sababu. Ushauri wa usimamizi wa ubora si sawa na pasi, ambayo ukiinunua asubuhi, jioni unajua kama inapata moto. Siku washauri wanapoondoka kila kitu hung'aa: ubao mpya ukutani, fomu zimepangwa, watu wana ari. Nilitaka kuona kitakachobaki wakishasahaulika.

Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha kushona nguo za kazi: overoli, makoti ya maabara, suruali za mafundi. Tuko watu 46. Kabla ya cheo hiki nilikaa meza ya mwisho kwa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza nguo ndani nje, kuvuta mshono, kupima mguu, kisha kuamua ipite au irudi. Nguo zenye kasoro nimezishika kwa mikono hii.

Nianze na huduma tuliyoijaribu kwanza, maana bila hiyo sifa ninazoipa ya pili hazitaeleweka. Wateja wetu wawili wakubwa walitangaza kwamba zabuni zao zijazo zitadai cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Mwenye kiwanda akapata kampuni iliyoahidi cheti ndani ya wiki sita, ushauri na ukaguzi vyote kwao. Walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walipiga picha. Mara ya pili walileta majalada manne mazito yenye nembo yetu juu. Nilikesha nayo. Ukurasa wa 14 wa jalada la pili ulieleza namna ya kufuatilia joto la vyumba baridi vya kuhifadhia dawa. Sisi tunashona nguo. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mkaguzi hasomi kila ukurasa. Jibu lile liliniumiza kuliko kosa lenyewe, kwa sababu lilinionyesha kwamba kwao ubora ni kitu cha kumwonyesha mkaguzi, na anayevaa overoli hayumo kabisa katika hesabu zao.

Baadaye nilijifunza kwamba ahadi ile ilitosha kutufanya tufunge mlango. ISO, shirika lenye makao yake Geneva, huandika viwango na haliipi kampuni yoyote cheti. Cheti hutolewa na mashirika ya ukaguzi yanayojitegemea, na kiwango kinachoyaongoza, ISO/IEC 17021-1, kinayakataza kuuza ushauri wa mfumo wa usimamizi. Anayekuandaa kwa mtihani hawezi kuwa ndiye anayeusahihisha. Mtu akikuahidi yote mawili, mshukuru kwa muda wake, uagane naye.

Huduma ya pili ilikuwa ya watu wawili, mama mmoja mhandisi na kijana anayemsaidia. Ada yao ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na mwenye kiwanda alisita. Kilichomshawishi ni swali la kwanza la yule mama. Hakuuliza tuna nyaraka gani. Alisema, "Nileteeni nguo zilizorudi."

Tukamletea magunia mawili. Alikaa sakafuni na kijana wake wakaanza kuzipanga mafungu mafungu, huku akiuliza kila inayopita: hii imerudi kwa nini, nani aliona, lini. Sehemu kubwa ya maswali hayo hatukuwa na majibu yake. Tulikuwa tunahesabu idadi ya zilizorudi kwa mwezi, basi. Sababu zilikuwa vichwani mwetu, na kila kichwa kilikuwa na sababu zake.

Kisha akaomba futikamba zote za kiwandani. Zilikuwa 31, pamoja na zilizokuwa shingoni mwa watu. Akazilaza moja moja kando ya rula ya chuma juu ya meza ya kukatia. Tisa zilikuwa zimevutika. Moja ilikuwa imezidi milimita nane katika kila mita, na hiyo ilikuwa yangu. Futikamba iliyovutika husoma pungufu: mguu wenye sentimita 77.5, ambao mteja angeupokea bila neno, kwangu ulionekana haufiki hata 77. Kwa muda nisioujua nilikuwa narudisha nguo nzima. Nikamkumbuka dada mmoja wa mstari wa suruali niliyemrudishia suruali kumi na moja kwa siku moja, naye akazifumua na kuzishona upya bila kubishana, akachelewa kwenda nyumbani. Nilimfuata nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Tangu siku ile kila futikamba ina namba, na mwanzo wa kila mwezi hulazwa kando ya rula. Ikizidi milimita mbili inakatwa vipande na kutupwa, isije ikarudi shingoni mwa mtu.

Kazi hii ya nusu saa ndiyo ambayo ISO 9001 inaidai katika kifungu cha 7.1.5, kinachohusu vifaa vya kupimia. Katika majalada yale manne kifungu hicho kilikuwa na kurasa sita, na hakuna hata moja iliyotaja futikamba.

Siku ya pili nzima ilikuwa ya kuandika na kuhesabu. Tulitengeneza karatasi ya kasoro yenye safu chache: aina ya kasoro, siku, mashine, jora la kitambaa. Fundi anaweka alama tu, haandiki insha. Baada ya wiki nne tulikuwa na kasoro 312. Kati ya hizo 187 zilikuwa za urefu na 71 za mishono iliyoruka au kulegea. Aina nyingine zote, doa, kifungo, mfuko uliopinda, ziligawana 54 zilizobaki. Mimi ningeapa kwamba tatizo letu kubwa ni mifuko, kwa sababu mifuko ndiyo wateja waliyoipigia kelele. Mfuko uliopinda unaonekana kwa macho. Mguu mfupi unaonekana mtu akishavaa, na wengi hukunja uso wakanyamaza, mara nyingine wakaenda kununua kwingine. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa Marekani, ndiye aliyeleta katika fani hii wazo la kutenganisha visababishi vichache vizito na vingi vyepesi, na wazo hilo peke yake lilitutoa kwenye vita ya mifuko tuliyopigana miaka.

Halafu ikaja habari ya Jumatatu.

Tulipopanga kasoro za urefu kwa siku, Jumatatu ilisimama kama mlima. Mwenye kiwanda hakushangaa. Sote tulikuwa na maelezo yake tayari: watu wanatoka mapumzikoni, mikono mizito, akili bado iko nyumbani. Kwa sababu hiyo kila Jumatatu asubuhi kulikuwa na hotuba ya kuwahimiza mafundi wawe makini. Ninaona aibu kukumbuka kwamba nyingine nilizitoa mimi.

Yule mama hakutaka hotuba. Alikwenda meza ya kukatia, kwa mkataji wetu mkuu, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia.

"Mzee wangu, kitambaa hiki ukikigusa kinakwambia nini?"

"Kinapumua, mwanangu. Ukikifungua hivi sasa kimenyooka kwa kulazimishwa. Ukikiacha kinarudi."

"Kinarudi kwa muda gani?"

"Ukikilaza leo, kesho saa kama hizi kimetulia. Hiki chenye kuvutika lakini. Kile cha pamba cha zamani hakikuwa na tabia hii."

"Umewahi kumwambia mtu?"

Mzee akaangalia mkasi wake. "Sikuulizwa."

Kuanzia hapo swali la kwa nini liliulizwa mara tano, utaratibu unaohusishwa na Sakichi Toyoda, mvumbuzi Mjapani wa mashine za kufuma, na baadaye viwanda vya magari vya Toyota. Kwa nini suruali za Jumatatu ni fupi? Kitambaa kimejikunja baada ya kukatwa. Kwa nini? Kilikatwa kabla hakijatulia. Kwa nini? Jora lilifunguliwa asubuhi ileile, wakati siku nyingine hufunguliwa jioni ya jana yake. Kwa nini Jumatatu ni tofauti? Jumamosi stoo hufungwa mapema, kabla ya mkataji kumaliza oda za wiki na kujua atakachohitaji. Na kwa nini stoo hufungwa mapema? Kwa sababu ratiba hiyo iliwekwa miaka kumi iliyopita, tulipokuwa tunashona kitambaa cha pamba kisichovutika, na hakuna aliyeigusa tulipobadilisha kitambaa.

Hakuna fundi mvivu katika mnyororo ule. Kuna ratiba ya stoo. Tuliisogeza kwa saa mbili, tukaanza kubandika kwenye kila jora karatasi yenye saa ya kufunguliwa, na hakuna anayekata kabla ya saa 24 kutimia. Jumatatu ikawa siku kama nyingine. Mwenye kiwanda alimwita mzee ofisini, sijui waliongea nini, lakini sasa kila sampuli mpya ya kitambaa inapita kwanza mikononi mwake kabla ya oda kutolewa.

Kanuni za usimamizi wa ubora zilizoandikwa katika ISO 9000, kiwango ndugu cha 9001 kinachoeleza misingi, ni saba. Katika toleo la mwaka 2000 zilikuwa nane, na toleo la 2015 likaunganisha mbili zilizofanana. Nimezikariri zote na ninaweza kuzitaja usingizini: kumlenga mteja, uongozi, kuwashirikisha watu, kuitazama kazi kama mchakato, kuboresha, kuamua kwa ushahidi, kutunza mahusiano. Lakini kukariri hakukunifundisha chochote. Kilichonifundisha ni lile neno la mzee, "sikuulizwa." Kuwashirikisha watu nilikuwa nadhani ni kikao cha mwezi na soda.

Siku ya tatu kulikuwa na zoezi la vifungo, na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu ndilo lililogusa mishahara ya watu. Asili yake ni zoezi la shanga la W. Edwards Deming, Mmarekani aliyealikwa Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Yeye alitumia shanga 4,000, 800 kati yake nyekundu, na kibao chenye vishimo 50. Sisi tulitumia vifungo vya stoo kwa uwiano uleule, kimoja chekundu kwa kila vitano, na kibao kilichotobolewa na fundi wetu wa mashine. Mafundi sita walipewa kazi ya kuchovya kibao ndani ya beseni na kutoa vifungo vyeupe tu. Chekundu ni kasoro. Mwenye kiwanda alipewa cheo cha msimamizi, asifu na akemee kama kawaida yake.

Wa kwanza alitoa vyekundu 11. Wa pili 6, akapigiwa makofi. Wa tatu 15, akapewa onyo. Raundi ya pili yule wa makofi akatoa 13, na yule wa onyo 8. Mwenye kiwanda akasema mbele yetu sote kwamba onyo limesaidia. Raundi ya nne akanyamaza. Alikuwa ameona kwamba ndani ya beseni kuna vyekundu, na kwamba hakuna makofi wala onyo litakalovitoa. Anayeweza kuvitoa ni mwenye beseni.

Kesho yake alishusha ukutani ubao wa fundi bora wa wiki. Wiki iliyofuata akafuta kanuni ya kukata ujira kwa kila nguo iliyorudi. Katika hoja 14 ambazo Deming aliwaandikia viongozi, ya nane inasema ondoeni hofu, na mimi ni shahidi wa kilichotokea hofu ilipoondoka: mwezi ule kasoro zilizoandikwa ziliongezeka. Mwenye kiwanda alishtuka, ikabidi yule mama apige simu kumtuliza. Kasoro hazikuwa zimeongezeka. Zilikuwa zimeacha kufichwa chini ya meza.

Chati ya urefu wa miguu nitaipitia haraka, ingawa ndiyo ninayoipenda zaidi. Kila baada ya saa mbili tunapima suruali tano, tunatafuta wastani, tunaweka nukta. Kosa langu lilikuwa kudhani mipaka ya chati ni ile ya mteja, sentimita 78 na uvumilivu wa moja juu au chini. Sivyo. Mipaka ya chati hutokana na kazi yenyewe ilivyozoea kuyumba, na yetu ilitoka kati ya 77.7 na 78.5. Walter Shewhart, Mmarekani, alichora chati ya namna hii mwaka 1924 akiwa Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu, kwa lengo lilelile: kujua lini kuyumba ni kawaida na lini kuna jambo. Zamani fundi akipata 78.6 kwenye suruali moja alisogeza kizuizi cha pindo, inayofuata ikatoka 77.4, akasogeza tena. Alikuwa anaifukuza kawaida, na kwa kuifukuza akaiharibu. Siku hizi kizuizi hakiguswi mpaka nukta itoke nje ya mipaka, au nukta nane zifuatane upande mmoja wa mstari wa kati.

Sasa upungufu, maana upo na si mdogo.

Nyaraka zao bado ni nyingi mno. Walikuja na taratibu 22 zilizoandikwa. Toleo la 2015 la ISO 9001 halilazimishi tena hata mwongozo wa ubora, ule ambao matoleo ya nyuma yaliudai, na mtu aliyefanya kazi nzuri vile sakafuni hakuwa na haja ya kutubebesha. Tumebaki na tisa, nyingi za ukurasa mmoja wenye picha, na kazi ya kuzipunguza tuliifanya wenyewe.

Mafunzo ya wakaguzi wa ndani yalipewa siku moja. Haitoshi. Kumkagua mwenzako bila kumtia hofu wala kumwonea haya ni kazi inayotaka mazoezi, na ukaguzi wetu wa kwanza wa ndani ulikuwa wa kuulizana "hii ipo?" na kujibu "ipo." Ilibidi nimwombe yule kijana arudi tutembee naye mstari mzima, na siku ile tulilipia zaidi. Ningekuwa mimi, ningechukua muda uliopotea kwenye slaidi za historia nikaupeleka huko.

Walitusukumia pia programu ya kompyuta ya kusajili malalamiko. Tuliitumia miezi miwili. Malalamiko yetu ni machache kiasi kwamba daftari lenye mistari linatosha, na daftari linakaa mapokezini ambapo kila mtu analiona. Kwa kampuni yenye matawi huenda ingefaa. Kwetu ilikuwa mzigo, na sikupenda walivyoirudia katika kila barua.

Ripoti yao ya mwisho ilichelewa wiki tano. Kwa watu wanaofundisha kutimiza ahadi kwa mteja, hilo niliwaambia waziwazi, na wakakiri.

Ukaguzi wa cheti ulifanywa na shirika lisilohusiana nao, kwa hatua mbili, ya kwanza ya kutazama maandalizi na ya pili ya kutazama kazi. Mkaguzi alisimama kwa mkataji karibu saa nzima. Alituandikia mapungufu madogo mawili: hatukuwa na kumbukumbu ya namna tunavyowachagua wauzaji wa uzi, na fomu moja ya mapitio ya uongozi haikuonyesha maamuzi, ilionyesha mahudhurio tu. Yote mawili ni kweli. La uzi tulilirekebisha kwa kukaa na muuzaji mwenyewe, na katika mazungumzo yale tukajua kwamba uzi uliokuwa unaruka kwenye ovaloku, mashine ya kushonea kingo, ulikuwa umekusudiwa mashine za kasi ndogo. Muuzaji alijua siku zote. Naye, kama mzee wetu, hakuwa ameulizwa. Cheti ni cha miaka mitatu, na kila mwaka mkaguzi anarudi kuangalia. Ameshakuja mara moja.

Je, ningewapendekeza? Ndiyo, kwa karakana au kiwanda chenye watu wasiozidi mia, na kwa sharti kwamba mwenye mali akae siku zote tatu bila kutuma mwakilishi. Bila yeye zoezi la vifungo lingekuwa mchezo. Kabla ya kusaini waulize watakaa sakafuni saa ngapi na ofisini saa ngapi, jibu liandikwe ndani ya mkataba. Omba siku mbili za ukaguzi wa ndani badala ya moja, programu ikatae, na nyaraka waambie utaziandika mwenyewe wao wakizisahihisha. Kama unataka cheti cha kutundika tu, watakuchosha, na wao utawachosha.

Rejista yetu ya leo ina kasoro tatu ambazo chanzo chake hatujakijua. Inayonisumbua ni ya vitobo vya vifungo kwenye makoti ya maabara: kitobo cha nne kutoka juu huchanika, cha nne tu, na si kwenye kila koti. Tumebadilisha sindano, tumebadilisha bitana. Jana dada wa mashine ya vitobo ameniambia anadhani ni mahali koti linapokunjwa kabla ya kupigwa pasi. Kesho asubuhi nitasimama naye hapo.